Kumfundisha rubani kutoka sifuri au kumwajiri aliyekwisha kuiva? Hesabu inayoyaumiza kichwa mashirika ya ndege

Kijana amemaliza shule ya urubani. Leseni ya kurusha ndege kibiashara anayo, wazazi wameuza kiwanja kulipa ada, na kwenye kitabu chake cha safari zimeandikwa saa 200. Anapeleka maombi ya kazi kwenye shirika la ndege, anajibiwa kwamba nafasi zipo lakini wanamtaka mtu mwenye saa 1,500, na ikiwezekana awe ameshairusha aina ileile ya ndege. Mwezi huohuo shirika linaleta rubani kutoka nje, na mshahara wake ni wa dola.

Wasikilizaji wetu wakiguswa na jambo hili, simu za studio hazinyamazi. Mmoja atauliza kwa nini tunaleta wageni wakati watoto wetu wamesoma na wako nyumbani. Mwingine atamjibu: wewe ungekubali mama yako arushwe na mtoto wa miaka 22? Huku Kanda ya Ziwa hakuna anayeuliza hivyo kwa mzaha tangu tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani Bukoba na watu 19 wakapoteza maisha.

Wote wawili wana hoja. Lakini mjadala wenyewe huwa unakwama kwa sababu wengi hatujui saa hizo za rubani ni kitu gani, na kwa nini shirika lenye ndege mpya haliwezi kujaza vyumba vya marubani kwa vijana peke yao hata likitaka.

Saa 200, saa 1,500

Kila rubani ana kitabu cha kumbukumbu, na muda wote anaokuwa angani akirusha ndege huandikwa humo. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambavyo nchi zetu zinavifuata, leseni ya rubani wa biashara inahitaji saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi nzima kwenye chuo kilichoidhinishwa. Leseni hiyo inamruhusu mtu kulipwa kwa kurusha ndege, na inamruhusu kukaa kama rubani msaidizi hata kwenye ndege kubwa. Leseni ya juu kabisa, ile anayotakiwa kuwa nayo rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria, inahitaji saa 1,500.

Saa hizo 1,500 ni nyingi kuliko zinavyosikika. Nchi nyingi humzuia rubani kupita saa 900 au 1,000 kwa mwaka ili asirushe akiwa amechoka. Kwa hiyo hata kijana aliyepata kazi mara tu baada ya masomo, akiruka kila siku anayopangiwa, atahitaji zaidi ya mwaka mzima kuzifikisha, na wengi huchukua miaka miwili au mitatu. Asiye na kazi itabidi azilipie mfukoni. Saa moja ya ndege ndogo ni mafuta, ni matengenezo, ni bima, ni mwenye ndege naye apate chake. Sijui mzazi gani wa kawaida anayeweza kumlipia mtoto saa 1,300 zilizobaki.

Halafu kuna kitu kingine ambacho watu husahau. Baada ya leseni kuna mafunzo ya aina ya ndege. Aliyefuzu kwenye Cessna hapandi Boeing 737 kesho yake. Anaingia darasani, anakwenda kwenye simyuleta, ile mashine inayoiga chumba cha marubani na kuyumba kama ndege ya kweli, kisha anaruka na abiria akiwa chini ya jicho la rubani mkufunzi. Na anayehama kutoka Airbus kwenda Boeing anapita njia hiyohiyo, hata kama ana saa 10,000. Kwa maana hiyo rubani mzoefu naye si bidhaa ya kununua dukani na kuitumia jioni hiyohiyo, labda awe ameshairusha ndege unayomwitia.

Viti viwili

Chumba cha marubani kina viti viwili. Cha kushoto ni cha rubani mkuu, cha kulia ni cha msaidizi. Shule, hata iwe bora namna gani, inatoa watu wa kiti cha kulia. Hakuna darasa linalomtoa mtu akiwa rubani mkuu. Hilo huja baada ya miaka ya kuruka, ya kuahirisha safari kwa sababu ya wingu ambalo abiria halioni, ya kugeuza ndege na kurudi ulikotoka watu wakinung'unika.

Sasa tuichukue Air Tanzania. Mwaka 2016 ilianza kufufuliwa kwa ndege mbili za pangaboi aina ya Bombardier Q400. Julai 2018 ikapokea Boeing 787, na Desemba mwaka huohuo Airbus A220. Mwaka 2023 ikaja Boeing 767 ya mizigo, ikafuatiwa na Boeing 737 MAX. Sisi abiria tunaona ndege zenye rangi na picha ya twiga. Ofisi inayopanga marubani inaona aina tano za ndege, na kila aina inataka kundi lake la watu waliofunzwa juu yake. Ndege moja tu ya safari za kati, ikiruka asubuhi hadi usiku siku saba za wiki, inahitaji marubani kama kumi, maana kuna anayepumzika, kuna aliye likizo, kuna aliyepo simyuleta, kuna mgonjwa.

Na kanuni za usalama za nchi nyingi hazikubali marubani wawili wapya kwenye aina moja ya ndege wakae pamoja. Kila mgeni wa ndege hiyo lazima awe na mwenyeji pembeni yake. Mtu akielewa kanuni hii peke yake, nusu ya ubishi inaisha. Ukinunua ndege ya aina ambayo nchini hakuna mtu aliyewahi kuirusha, mwenyeji wa kwanza atatoka nje, upende usipende. Vilevile shirika lenye marubani wakuu 20 haliwezi kupokea vijana 60 kwa mwaka, kwa sababu hakuna wa kukaa nao. Huko ndiko vijana wengi wanakokwamia, na chuki dhidi ya vijana wa nyumbani haihusiki.

Ila ukweli huo unatumika pia kama kisingizio. Mwenyeji aliyeletwa kwa mkataba wa miaka miwili, akaruka, akalipwa, akaondoka bila kumwachia mtu kiti, amelisaidia shirika kwa miaka miwili tu. Mwaka wa tatu wataita mwingine.

Addis Ababa walianza na Wamarekani

Ethiopian Airlines, ambalo leo ndilo shirika kubwa la ndege Afrika, lilianzishwa Desemba 1945 kwa msaada wa kampuni ya Marekani ya TWA, na safari yake ya kwanza ilikuwa Aprili 1946, kutoka Addis Ababa kwenda Cairo. Marubani walikuwa Wamarekani. Mafundi walikuwa Wamarekani. Meneja mkuu pia. Rubani mkuu wa kwanza Mwethiopia, Alemayehu Abebe, alikalia kiti cha kushoto mwaka 1957, na meneja mkuu wa kwanza Mwethiopia alipatikana 1971. Ni zaidi ya miaka kumi kupata rubani mkuu, na miaka 25 kupata bosi.

Muda wote huo walikuwa wakifundisha. Chuo chao cha urubani kilianza miaka ya 1960 na leo kinatoa marubani, mafundi, wahudumu wa ndani ya ndege na watu wa tiketi, na kinapokea pia wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika. Kijana anachukuliwa akiwa hajawahi kushika usukani, anafundishwa kwenye ndege ndogo, anapelekwa simyuleta, halafu anaingia kiti cha kulia akiwa na saa mia mbili na kitu. Kazi ipo inamsubiri, kwa sababu anayemfundisha ndiye atakayemwajiri.

Afrika Mashariki nasi tuliwahi kuwa na kitu cha namna hiyo. Shule ya urubani ya Soroti, mashariki mwa Uganda, ilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, Kenya, Uganda na Tanzania zikisomesha vijana wao pamoja. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na shirika letu la pamoja la East African Airways likafa mwaka huohuo. Shule ikabaki Uganda, ikapita miaka ya shida, lakini haikufa. Esther Mbabazi, mwanamke wa kwanza wa Rwanda kuwa rubani wa ndege za abiria, alianzia Soroti, kisha RwandAir ikamgharamia kumalizia Florida, Marekani. Yaani shule ilikuwepo jirani, na shirika lilikuwepo la kumchukua.

Je, saa nyingi ndiyo usalama?

Hapa tuende taratibu, maana ndipo hofu ya abiria ilipo.

Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua wote 49 waliokuwemo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Ndege ilikuwa imepoteza mwendo, mitambo ikatoa onyo, na rubani mkuu akavuta usukani badala ya kuusukuma. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka uliofuata, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa ndege ya abiria nchini humo anatakiwa kuwa na saa 1,500, isipokuwa wachache wanaopunguziwa kwa kupitia jeshini au vyuo maalumu. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba marubani wote wawili wa Colgan walikuwa wamepita saa 2,000. Hata kama sheria hiyo ingekuwepo siku ile, wangeruka tu. Rubani mkuu alikuwa amewahi kushindwa mitihani kadhaa ya urushaji, na uchovu wa marubani nao ulizungumzwa sana kwenye uchunguzi.

Karibu na kwetu, tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliondoka Douala, Kameruni, usiku wa mvua, ikaanguka ndani ya dakika mbili. Watu 114 walikufa. Rubani mkuu alikuwa na zaidi ya saa 8,000, msaidizi alikuwa kijana wa miaka 23 mwenye saa 831. Ripoti ya Kameruni ilieleza kwamba ndege iliinama upande polepole gizani bila yeyote kutazama vipimo, rubani mkuu akidhani mtambo wa kujiendesha umewashwa, na marubani wenyewe hawakuwa wakifanya kazi kwa kushirikiana. Mkongwe alikuwepo, na kijana alikuwepo. Kilichokosekana ni wawili hao kukaguana.

Kisha Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian iliyokuwa ikija Nairobi ikaanguka dakika sita baada ya kuruka. Watu 157, wakiwemo Wakenya 32. Msaidizi alikuwa na saa 361 tu, na mara moja baadhi ya watu Marekani, hata mbunge mmoja kwenye kikao cha Bunge, wakadai kwamba marubani waliofunzwa kwao wangeiokoa ndege hiyo. Rubani mkuu, mwenye miaka 29 na zaidi ya saa 8,000, naye alitoka chuo hichohicho cha Addis Ababa. Lakini miezi mitano kabla, ndege ya aina hiyohiyo, Boeing 737 MAX ya Lion Air, ilianguka Indonesia na kuua watu 189. Huko rubani mkuu alikuwa na zaidi ya saa 6,000 na msaidizi zaidi ya 5,000. Kosa lilikuwa lilelile: mfumo wa kompyuta uliosukuma pua ya ndege chini kwa kuamini kihisio kimoja kilichotoa taarifa potofu. Ndege hizo zikasimamishwa dunia nzima. Ni kweli wachunguzi wa Marekani na Ufaransa walisema baadaye kwamba ripoti ya Ethiopia ingepaswa kueleza zaidi jinsi marubani walivyolikabili tatizo, na hoja hiyo ina uzito wake. Ila kuirundika lawama yote kwenye saa 361 za kijana mmoja ni kuikimbia Lion Air.

Mimi nionavyo, saa zinakuambia mtu amekaa angani kiasi gani. Hazikuambii alikuwa anafanya nini. Kuzunguka uwanja uleule na ndege ya injini moja siku 300 zenye jua kunajaza kitabu vizuri kabisa. ICAO yenyewe iliona hivyo, na mwaka 2006 ikaanzisha leseni ya kufundisha kijana moja kwa moja kufanya kazi ya watu wawili kwenye ndege kubwa, kwa saa 240, nyingi zikiwa za simyuleta, ambako unaweza kuizima injini mara 30 bila kumuua mtu.

Anayefundisha na anayevuna

Kama shule ni nzuri hivyo, kwa nini kila shirika halina yake? Kwa sababu aliyefundishwa ana miguu. Shirika linalipa mafunzo, linamlea kijana miaka sita au saba hadi anakuwa rubani mkuu, halafu barua inatoka Dubai au Doha: mshahara mkubwa, nyumba, ada za watoto. Marubani wa Kenya na Ethiopia wamejaa Ghuba, na huwezi kuwalaumu. Meneja akitazama hayo anajisemea bora nami nivune kwa jirani. Majirani wote wakiwaza hivyo, shamba halilimwi.

Dawa inayotumika ni mkataba: tunakusomesha, unatutumikia miaka kadhaa, ukiondoka mapema unarudisha gharama. Mkataba wa miaka michache unaeleweka. Ule wa kumfunga mtu miaka mingi kwa mshahara mdogo huzaa migogoro mahakamani na kutoroka.

La kushangaza ni kwamba hata wavunaji wakubwa wameanza kulima. Emirates, ambayo inaweza kumvuta rubani kutoka popote duniani, ilifungua chuo chake Dubai mwaka 2017. Mwaka 2023 British Airways ilitangaza kuwalipia vijana wapatao 60 gharama za mafunzo hadi pauni 100,000 kila mmoja, nchini ambako kwa miaka mingi mwanafunzi alijilipia mwenyewe. Kilichowatisha ni Uviko-19. Mwaka 2020 mashirika yaliwapunguza marubani, wengine wakastaafu mapema, na abiria walivyorudi ghafla viti vya mbele havikuwa na watu. Aliyetegemea kununua alikuta kila mtu yupo sokoni ananunua.

Kwa nchi kama yetu, kuna ngazi ya kati ambayo tayari tunayo na hatuipi heshima yake. Ni ndege ndogo za Caravan zinazopeleka watalii Serengeti, wagonjwa, barua na wafanyabiashara, zikitua kwenye viwanja vya vumbi ambako nyumbu anaweza kuwa ametangulia. Kijana wa saa 200 akipata nafasi huko, kwanza akikaa pembeni ya mkubwa, baadaye peke yake, anarudi baada ya miaka miwili mitatu akiwa na saa zake na akiwa ameona upepo wa ziwa unavyobadilika mchana. Tatizo ni kwamba kampuni hizo nazo zinadai uzoefu, mara nyingi kwa masharti ya bima, na nafasi zenyewe ni za kuhesabu. Kama kuna fedha ya umma inayopelekwa kwenye urubani, sehemu yake ingelipia kiti cha pili kwenye Caravan hizo. Nayo Serikali inapoagiza ndege ingeagiza na marubani wake siku hiyohiyo, maana kati ya kusaini mkataba na kupokea ndege hupita miaka, na ni miaka inayotosha kumtoa kijana darasani hadi kiti cha kulia. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimekuwa kikijijenga kufundisha urubani hapahapa Dar es Salaam. Swali la kukiuliza chuo chochote cha aina hiyo ni moja: nani ameahidi kuwapokea wahitimu?

Kwa mzazi anayefikiria kulipa ada

Gharama za kufikia leseni ya biashara zinaweza kuvuka shilingi milioni 100, kwa hiyo mambo machache kabla ya kutoa hata shilingi.

Anza na daktari. Rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya cha Daraja la Kwanza kutoka kwa daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kipimo hicho ni bei ndogo sana ukilinganisha na ada. Kuna vijana wanaogundua tatizo la macho au moyo wakiwa wameshalipa nusu ya kozi.

Hakikisha chuo kimeidhinishwa na mamlaka ya nchi kilipo. Kama ni nje, iulize Mamlaka yetu leseni ya nchi hiyo inabadilishwaje hapa, na mitihani gani itarudiwa. Kiulize chuo wahitimu wake wa miaka miwili iliyopita wanarusha ndege wapi. Usikubali jibu la jumla, omba majina ya kampuni.

Na kijana akiambiwa na kampuni alipe yeye ili akae kiti cha kulia na kupata saa, kama inavyofanyika kwenye baadhi ya nchi za Ulaya na Asia, soma mkataba huo pamoja na mwanasheria. Hapo kijana anafanya kazi na anailipia, na mara nyingi saa alizonunua zikiisha, kiti hupewa mwingine mwenye fedha.